Mnara wa Siloamu na Tope la Hanang

Jumapili tarehe 3 Desemba 2023 kanisa lilikuwa linaingia Majilio. Asubuhi hiyo mvua kubwa iliporomosha tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi kikiwamo. Zaidi ya watu 80 walikufa.

Majuma yaliyofuata tulisema mengi, na somo tulilolikimbilia ni Luka 13, habari ya watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Tunataka kujiuliza kama tulilisoma vizuri.

Tulisoma hadi mstari wa 5, tukaishia kwenye wito wa toba. Kwa usomaji huo tope likawa adhabu, na marehemu wakawa mfano wa kuwatishia walio hai. Lakini Yesu anaanza kwa kukataa jambo hilohilo. Anasema wale 18 hawakuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Toba anayoidai ni ya wanaomsikiliza. Basi sisi wa Mbulu tuliotumia kifungu hiki kueleza kwa nini walikufa wa Hanang tukabaki sisi, tulikisoma kichwa chini miguu juu.

Kosa la pili ni kuuacha mstari wa 6 hadi wa 9. Luka ameweka mfano wa mtini palepale baada ya mnara, na viwili hivyo vinapaswa kusomwa pamoja. Mwenye shamba amekuja miaka mitatu, hapati tunda, anaamuru mti ukatwe. Mtunza shamba anaomba mwaka mmoja zaidi, tena anajipa kazi: atachimba kuuzunguka, atautilia samadi. Hapo mkulima wa Kainam huenda akaelewa kuliko mhubiri. Anajua samadi hubebwa kutoka zizini, ni nzito, na inanuka. Tumaini la Luka ni la namna hiyo. Kwa nini mnara ulianguka, halituambii. Linatuuliza ni nani atakayechimba mwaka huu. Hata mwisho wa mti hausimuliwi, tumeachiwa jembe.

Usharika wetu unapimwa hapo. Baada ya maporomoko, walionusurika walihifadhiwa shuleni, Wakristo na Waislamu, Wairaqw, Wadatoga na Wanyaturu, wakala pamoja. Hatukumuuliza mtu cheti cha ubatizo. Tulipeleka mahindi na mablanketi, tukajiona kweli ni kanisa.

Kisha tukarudi kwenye viti vyetu. Mama wa Kidatoga ambaye Kiswahili chake ni kidogo bado anakaa karibu na mlango, na matangazo yakisomwa hakuna anayemgeukia kumweleza. Kijana aliyeshindwa mchango wa ujenzi haonekani tena, nasi hatumfuati. Ndugu tuliyegombana naye kwa ajili ya malisho na mashamba tunampa mkono wa amani, lakini kwenye baraza la wazee hatumtaki. Tukiulizwa, tunajibu kwamba wamekuwa nasi miaka mingi na hawajazaa tunda. Hukumu hiyo ni ya mwenye shamba, nasi hatukukabidhiwa. Tena tukijiangalia, pengine mtini usiozaa ni sisi, na huu tulio nao ni mwaka tulioombewa.

Hofu inapozidi, iwe ya mvua, ya siasa au ya njaa, kila mtu hujivuta kwa watu wake. Ndiyo maana tumaini la kuhubiriwa tu halitoshi. Majilio yajayo tusome Luka 13 hadi mstari wa 9. Na matangazo yakisomwa kwa Kiswahili, mmoja wetu anayejua Kidatoga ahame kiti chake, akae na yule mama karibu na mlango.