Kalinzi na Cheti: Juu ya Mafundisho ya Wanasheria Wetu

Katika parokia za Bushi, karibu na Bukavu, mashauri ya mashamba hayaishi. Mara nyingi watu wanayaleta kwa katekista ao kwa padri kabla ya kufika tribinali. Basi yatupasa kujua wanasheria wanafundisha nini juu ya udongo, tena kuyapima mafundisho yao.

Msingi wao ni sheria ya tarehe 20 Julai 1973, iliyotengenezwa tena mwaka 1980. Kifungu chake cha 53 kiliuweka udongo wote kuwa mali ya Leta peke yake. Mtu hapati udongo wenyewe, anapata konsesio, yaani haki ya kuutumia: raia aweza kupewa konsesio ya daima, mgeni ya muda tu. Ushuhuda wa haki hiyo ni cheti cha kuandikishwa. Asili ya njia hii ni mbali: Robert Torrens aliianzisha Australia ya Kusini mwaka 1858, na Leta ya Leopold II ikaufuata mfano huo. Mwenye kutaka kiwanja hana lazima ya kuuliza wazee. Anatazama kitabu cha Leta. Hatudharau faida hiyo. Mjini, ambapo jirani hamjui jirani, karatasi moja iliyo wazi yaweza kuzuia ugomvi mwingi.

Lakini wengi wanaishia hapo. Wanaanza na kifungu cha 53, wanashuka mpaka cheti, na kijiji wanakifikia mwisho wa safari, wakiwa wamechoka. Huko wanakuta kifungu cha 387, kilichotia mashamba ya wanakijiji katika mali ya Leta, na kifungu cha 389, kilichoahidi kwamba amri ya Rais itapanga haki zao. Makumi ya miaka yakapita, amri haikutoka. Vitabu vinasema: hapa pana pengo katika sheria. Neno hili linatudanganya. Pengo liko katika karatasi, haliko katika shamba. Watu hawakuacha kulima, kurithi na kupashana mashamba wakingoja amri ya Kinshasa.

Kosa lina mizizi ya zamani. Mwaka 1947 Guy Malengreau, profesa wa Louvain, alitoa kitabu juu ya haki za udongo za desturi katika Kongo ya Wabelgiji, akakiita jaribio la kuzifafanua kisheria. Tunamshukuru kwa kuziita haki. Lakini njia ya kufafanua hivi inazaa swali lisilofaa: desturi hii inafanana na neno gani la sheria ya Ulaya?

Tutazame kalinzi ya Bushi. Mtu anatoa ng'ombe kwa mwami ao kwa mkubwa wa mahali, anapewa shamba, na wazao wake watalirithi. Je, ni kuuza? Hapana, kwani aliyetoa anabaki bwana, na aliyepokea anamwia utii. Je, ni kupanga? Hapana, kwani hakuna malipo ya kila majira. Malipo hayo yamo katika bwasa, mtu anapoazima shamba kwa majira machache. Tena kuna bugule, yaani kununua kwa feza. Njia ni tatu, na kila moja ina mashahidi na mipaka yake. Mwenye kuzitia zote katika chungu kimoja hajaeleza kitu.

Kwa hiyo tunasifu kazi ya Séverin Mugangu, iliyotoka mwaka 1997, juu ya udongo wa Bushi. Yeye aliweka pamoja mageuzi ya sheria na matendo ya watu mahali pao. Ndiyo njia ifaayo.

Wala tusiseme desturi ni takatifu. Kalinzi ilimfunga mtu kwa bwana wake, na mwanamke kwa kawaida alipata shamba kwa njia ya mume ao ya mwana. Tena wakubwa wengine walitumia sheria ya 1973 kumpa tajiri wa mjini mashamba ambayo watu walikuwa wamekwisha kuyatolea ng'ombe. Tajiri akapata cheti. Mkulima akabaki kuomba bwasa katika shamba la baba yake. Na wanasheria wanafundisha kwamba miaka 2 ikiisha, cheti hakishindwi tena: aliyeonewa aweza kudai malipo ya hasara tu.

Hapa tunawadai wanasheria neno moja. Sheria hiyohiyo, katika vifungu vya 193 mpaka 203, iliagiza uchunguzi kabla ya kutoa udongo wa vijijini: kuwaandika watu waliopo na kazi zao, na kuwasikiliza wanaodai kwa kinywa. Mjane asiyejua kusoma aliwekewa mlango huo. Mwalimu anayesifu nguvu ya cheti kwa kurasa nyingi, na uchunguzi kwa mstari mmoja, anamfundisha mwanafunzi kulinda karatasi kuliko mtu.

Ninyi makatekista, msingoje vitabu vipya. Mkisikia wapimaji wamefika kijijini, waambieni watu waende siku ileile, pamoja na mashahidi wa kalinzi yao, waseme, na maneno yao yaandikwe. Baada ya cheti, saa imepita.