Maktaba Inayouliza Umekaa Wapi

Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Hapa Bangwe usiku ukawa giza tupu. Zile taa za wavuvi wa dagaa, tulizozizoea tangu enzi za karabai, hazikuonekana tena juu ya maji. Jirani yangu mmoja, mvuvi, akawa anakuja barazani kwangu kila jioni, na swali lake lilikuwa lile lile: "Mwalimu, wewe umesoma. Samaki wamepungua kwa sababu yetu sisi, au kwa sababu ya ziwa lenyewe?"

Sikuwa na jibu. Lakini yupo binti mmoja niliyemfundisha darasa la tano, ambaye sasa ni mwalimu wa sekondari hapa Kigoma na anasomea shahada ya pili akiwa nyumbani, katika chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam ambacho jina lake nalihifadhi. Nikampelekea swali la jirani. Haikupita robo saa akaja na simu yake mkononi. Jambo hilo liliandikwa zamani, katika jarida la Nature la Agosti 2003, na Catherine O'Reilly na wenzake. Muhtasari wake uko wazi kwa kila mtu: joto limeongezeka, upepo umepungua, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani, kwa hiyo rutuba ya kilindini haipandi juu kulisha mimea midogo ambayo ndiyo mwanzo wa chakula cha samaki. Walikadiria kwamba uzalishaji huo umepungua kwa asilimia 20 hivi, na kwamba samaki wangeweza kupungua kwa asilimia 30 hivi.

Jirani alisikiliza, kisha akauliza, "Walipimaje? Na walipima wapi, huku kwetu au upande wa Zambia?"

Ndugu msomaji, hayo ndiyo maswali ambayo msomi yeyote angeuliza, na majibu yake kamili hayakuwemo katika muhtasari. Makala yenyewe ni kurasa 3 tu, lakini asiye na ruhusa hudaiwa zaidi ya dola 30. Binti akasema hapana neno, chuo chetu kimekwisha kulipia. Akaingia katika tovuti ya maktaba ya chuo, akabonyeza, na mlango ukamrudisha nje.

Nilimwomba anieleze sababu, maana mimi ni mtu wa chaki. Kila kompyuta au simu inapoingia katika intaneti huonekana kwa namba fulani. Chuo kinaponunua jarida humpa mchapishaji namba zake, na yeyote anayetokea kwenye namba hizo hufunguliwa bila kuulizwa jina. Hata aliyeingia kujikinga na mvua atafunguliwa, mradi yuko kwenye kompyuta ya chuo. Bali binti aliyelipa ada yake yote, akiwa Bangwe, huonekana kwa namba ya kampuni ya simu, na huyo hajulikani.

Dawa ya ugonjwa huu si mpya. Mwaka 1999 mkutubi mmoja wa Arizona, Marekani, aitwaye Chris Zagar, alitunga programu ya EZproxy. Mwanafunzi hutaja jina lake na neno la siri, kisha programu humpitisha, na mchapishaji huona kana kwamba ombi limetoka chuoni. Mikataba mingi huwaruhusu wanafunzi walioandikishwa wasome popote walipo. Chuo cha binti yetu nacho kina mlango wa namna hiyo. Ila, ili kupewa neno la siri, mwanafunzi sharti afike mwenyewe maktabani na kitambulisho chake.

Yaani apande treni zaidi ya kilomita 1,200 akaombe ruhusa ya kusoma akiwa mbali!

Nathubutu kuukosoa utaratibu huu kama ambavyo ningekosoa kitabu, kwa kuwa nao una wazo ndani yake: kwamba msomaji ni yule aliyeketi ndani ya jengo. Mwaka 1971 nilipokuwa chuo cha ualimu, maktaba yetu ilikuwa makabati mawili, na ufunguo alikuwa nao mkufunzi. Tulipokwenda vijijini kwa mazoezi ya kufundisha, aliandika jina langu katika daftari akanipa vitabu viwili niende navyo. Kabati lile lilinijua kwa jina. Nilikokwenda kulala halikuuliza.

La ajabu zaidi ni kile kilicho wazi. Burton wa 1860, Stanley wa 1872 na Hore wa 1892, wote wanasomeka bure mtandaoni hata usiku wa manane, kwa kuwa haki zao za kunakili zimekwisha. Namsoma Hore kwa furaha. Alikuwa baharia, akaishi ziwani miaka mingi, na aliangalia mitumbwi na watu wake kwa jicho la fundi. Hata hivyo, kwa utaratibu huu mtu wa Bangwe anaruhusiwa kujua jinsi Ujiji ilivyomwonekea Stanley mwaka 1871, lakini dagaa wake wa leo wamefungiwa kabatini.

Wala sisemi kwamba makala ya 2003 ndiyo neno la mwisho. Wapo wataalamu walioandika baadaye kwamba takwimu za samaki zinaonyesha zaidi mabadiliko ya uvuvi kuliko ya hali ya hewa. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake wakarudi kwenye upande wa joto, katika jarida la PNAS, na hiyo tuliifungua bure papo hapo barazani. Kumbe inawezekana! Lakini mabishano yenye pande mbili huwezi kuyapima ukiwa umesikia upande mmoja na muhtasari wa mwingine, na anayeambiwa akae nchi kavu miezi mitatu anastahili kusikia yote.

Mwishowe binti aliandika barua kwa mkutubi, akaambatisha picha ya kitambulisho, akasubiri. Neno la siri lilifika siku ya kumi na tisa. Jioni ile jirani alikuja na mwenzake. Mimi nilitafsiri, binti akashika simu, na kabla ya kumaliza ukurasa wa kwanza jirani akanizuia: "Hapo kwenye upepo, Mwalimu. Rudia hapo."