Maskati Siku ya Mwisho: Mutrah Imetumaliza!

Jamani, Mutrah! Kariakoo naijua tangu utotoni, Darajani nimepazunguka, Marikiti ya Mombasa nimepabebea vikapu, lakini soko hili la Maskati limeniteka tangu hatua ya kwanza. Naandika mikono ingali inanukia ubani, mabegi hayajafungwa, na basi la kwenda uwanja wa ndege linakuja usiku huu huu. Siwezi kungoja nifike nyumbani ndipo nisimulie. Siku ya mwisho ya ziara ya kikundi chetu imegeuka kuwa ndiyo ziara yenyewe, na yeyote anayepanga kwenda Omani na wenzake nampigia magoti asome haya kabla hajakubali ratiba ya wakala.

Asubuhi tulianzia Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001. Wageni wasio Waislamu hupokewa kuanzia saa 2 hadi saa 5 asubuhi, Ijumaa hawapokewi, kwa hiyo kikundi cha dini mbili kama chetu lazima kiamke mapema. Mwanamke ajifunike nywele, mikono hadi kwenye viganja na miguu hadi kwenye vifundo. Sisi tulitoka hotelini na mitandio yetu, tukapita mlangoni moja kwa moja.

Ndani, mashallah, kuna zulia. Nasema zulia, lakini ni zaidi ya mita za mraba 4,300 za kazi ya mkono! Wafumaji wa Iran wapatao 600, wanawake, walilifuma kwa miaka minne, na mafundo yake yanahesabiwa kuwa bilioni 1.7. Mgeni hapiti juu yake, hupita kwenye njia iliyotandikwa pembeni. Mimi nilichuchumaa ukingoni mwa njia ile nikaliangalia kwa karibu: ua dogo moja, si kubwa kuliko ukucha wangu, lina nyekundu mbili, kijani, na ukingo wa rangi ya maziwa, na kila rangi imekaa mahali pake bila kuingilia nyingine. Halafu ukiinua kichwa unakutana na taa ya fuwele yenye urefu wa mita 14 ikining'inia kutoka kubani. Mama mmoja wa kikundi chetu, mtu wa maneno mengi, alinyamaza kabisa. Mpiga picha wetu alipomwita mara ya pili ndipo akaitika.

Kutoka hapo tulipita kasri la Al Alam. Linatazamwa kwa nje tu, nguzo zake za buluu na dhahabu zinang'aa, unapiga picha, unaondoka. Dakika kumi zinatosha. Ila msiondoke bila kutazama ngome mbili zilizokaa juu ya miamba kushoto na kulia kwa kasri, Al Jalali na Al Mirani. Wareno walizijenga miaka ya 1580, wakafukuzwa Maskati na Waomani mwaka 1650, na Waomani hao hao wakawafuata baharini hadi kwetu, wakaiteka Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1698. Wenzetu watatu kutoka Mombasa, waliopita mbele ya ngome yao maisha yao yote, walisimama pale wakijionea kisa kile kile kilikoanzia. Mwongoza watalii alituacha tukae zaidi ya muda uliopangwa, Mungu ambariki.

Sasa Mutrah yenyewe. Sikilizeni vizuri kuhusu muda: maduka mengi hufungwa mchana na kufunguliwa tena alasiri, mnamo saa 10. Mkifika saa 8 mtakuta vitasa. Sisi tulikula samaki ufukweni kwanza, jua likaanza kupoa, tukatembea kwa miguu kando ya bahari, majahazi upande mmoja na nyumba nyeupe zenye roshani upande wa pili, milima ya mawe makavu ikiwa nyuma yake. Lango la soko linatazamana na bahari. Ukiingia, joto la barabarani linabaki nje, dari ya mbao iko juu yako, vichochoro vinagawanyika, na hewa yote ni ubani.

Nianze na huo ubani, maana ndiyo mali ya Omani. Hutoka Dhofar, kusini mwa nchi. Mvunaji hukwangua gome la mti, utomvu hutoka machozi machozi, ukaachwa ukauke, kisha ukabanduliwa. Sokoni umejazwa kwenye magunia na masinia ya kila daraja, na hapa ndipo wengi hununua kwa kubahatisha. Usinunue hivyo! Omba hojari, ndiyo daraja la juu. Vipande vyake ni vikubwa, vyeupe vinavyoelekea ukijani, na ukikiinua kimoja kwenye taa unaona mwanga ukipenya. Ule wa kahawia wenye vumbi na magamba ni wa bei ya chini, unafaa kufukizia uani. Muuzaji alitutilia kipande kimoja juu ya kaa kwenye chetezo cha udongo. Kililegea, kikatoa povu dogo pembeni, kisha moshi mwembamba ukapanda ukiwa na harufu ya ndimu ndani yake. Ubani tuliouzoea madukani kwetu hauna ile ndimu. Nikachukua nusu kilo hapo hapo. Ni mwepesi, hauozi, haumwagiki. Kwa zawadi za watu wengi, hakuna kinachoushinda.

Halafu likatokea lile ambalo hakuna kijitabu cha watalii kilichoniandaa kwalo. Kwenye kichochoro cha fedha, mzee mmoja mwenye kanzu nyeupe alikuwa ameketi mlangoni mwa duka lake akitusikiliza tunavyobishana bei sisi kwa sisi. Akasema, kwa Kiswahili cha Pemba kilichonyooka:

"Mumetoka wapi, wanangu?"

"Shikamoo, babu. Tumetoka Dar, na wengine Mombasa."

"Marahaba. Karibuni. Kaeni kitako kwanza, biashara haikimbii."

Tukakaa kitako kweli! Ikaletwa kahawa chungu kwenye vikombe vidogo visivyo na mikono, na tende. Ukimaliza na hutaki tena, unakitikisa kikombe kidogo kabla ya kukirudisha. Usipokitikisa utajaziwa hadi Magharibi. Baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970, Waomani wengi waliokulia Zanzibar na pwani yetu walirudi huku, na watoto wao na wajukuu wao bado wanakisema Kiswahili. Hayo niliyasoma shuleni na kwenye vitabu. Kuyakuta yamekaa mbele yangu yakinimiminia kahawa na kuniuliza kama Chake Chake, Pemba, bado kuna embe nzuri, hicho ni kitu kingine kabisa, na nawaambia kwa moyo wote, hakiuzwi kwenye soko jingine lolote la nchi za nje nililowahi kulisikia.

Babu alitufungulia kabati la kioo. Ndani mlikuwa na majambia yenye ala za fedha, mikufu mizito ya bibi harusi, na kisahani kilichojaa reale za Maria Theresa. Nilishika moja. Nzito kuliko inavyoonekana, uso wa malkia wa Austria umelika kidogo puani, na mwaka ulioandikwa ni 1780. Karibu zote huandikwa 1780, kwa kuwa ndio mwaka aliofariki, na waliozipiga baadaye waliendelea na mwaka ule ule kwa sababu wafanyabiashara hawakuzikubali nyingine. Ndizo zilizotumika Maskati, ndizo zilizotumika Unguja, na mafundi wa Omani waliziyeyusha kutengenezea bangili. Babu hakunipandishia bei. Alitaja, nikaomba punguzo, akapunguza mara moja, akasema basi. Ndivyo kunavyopatanwa huku: kwa upole, mara moja au mbili, bila kelele. Akina mama waliozoea kuondoka dukani kwa hasira za uongo ili waitwe tena waliondoka, na hawakuitwa.

Jambo la pesa ni la muhimu, hasa kwa siku ya mwisho pochi inapokuwa imechoka. Riali moja ina baisa 1,000 na ni sawa na dola 2.6 hivi za Marekani. Mtu akikuambia "riali tano tu," masikio yanasikia tano, kumbe umetoa dola 13. Pigeni hesabu kwenye simu kabla ya kukubali.

Kofia za Kiomani, zile za kutariziwa kwa mkono zenye vitobo vidogo vya kupitisha hewa, zipo kila kona, lakini ulizeni kama ni za mkono au za mashine. Igeuzeni ndani nje mkague uzi. Tofauti ya bei ni kubwa, na ya mkono inastahili kila baisa. Shali za pashmina nazo ni nyingi mno, nyingine zimetoka mbali, sikuvutiwa. Halua, jamani, halua! Nyeusi inayometa, samli, zafarani, iliki, maji ya waridi, lozi juu yake. Anayeijua halua ya Wete au ya Mombasa ataitambua mara tu anapoionja, lakini zafarani ya huku imemiminwa bila ubahili. Waonjeshaji hawachoki, onjeni za maduka matatu kwanza. Iende kwenye begi kubwa, si la mkononi, maana wakaguzi wanaweza kuihesabu sawa na vitu vya majimaji. Jambia nalo ni silaha, liende begi kubwa pia.

Tulitoka saa 3 usiku, taa za bandarini zimewaka, kila mtu na mifuko yake, na hakuna hata mmoja aliyenunua kitu cha kujutia. Siku za mwanzo tulipelekwa kwenye majumba ya maduka yenye viyoyozi, mazuri na safi, yenye vitu vile vile vilivyopo Dubai na Nairobi. Hayo yote yangeweza kuachwa.

Viongozi wa vikundi, mnaopanga safari za mwakani, nawaomba: Mutrah muiweke jioni ya mwisho, muipe saa nne kamili, na mwambieni dereva asipige honi.