Jirani Dhidi ya Mende: Uhakiki wa Igizo la "Umubanyi niwe Muryango"

Siasa kali za mrengo wa kulia zinazoitikisa Ulaya humwinda mgeni. Katika Maziwa Makuu, siasa za namna hiyo zilimwinda jirani, na silaha yake ya kwanza ilikuwa neno. Nchini Rwanda redio ya RTLM, iliyoanza matangazo mwaka 1993, iliwaita Watutsi "inyenzi", yaani mende. Makala hii fupi inahakiki jibu lililotoka hapa Bujumbura.

Studio Ijambo ilianzishwa mwaka 1995, wakati mitaa yetu ikigawanyika kwa damu baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye, Oktoba 1993. Mwaka 1997 ilianza kurusha igizo la Kirundi lililoandikwa na Bi. Marie-Louise Sibazuri, kuhusu familia mbili jirani: moja ya Wahutu, nyingine ya Watutsi.

Dhamira imo katika jina lenyewe: jirani ndiye ukoo. Tulitazame kisarufi. "Inyenzi" ni neno la ngeli ya wadudu na vitu; "umubanyi" limo katika ngeli ya watu. Chuki ilimtoa mtu katika ngeli yake, Sibazuri amemrudisha. Sisi pia tunajua hila hiyo: mtu akishaitwa "kijitu" au "jitu", kumdhuru kunakuwa rahisi.

Kwa upande wa fani, mwandishi amefaulu. RTLM haikupendwa kwa sababu ya hotuba. Ilivuta wasikilizaji kwa muziki, mzaha na gumzo. Sibazuri hakujibu kwa mahubiri bali kwa gumzo la uani, kipindi baada ya kipindi, kwa mamia. Msikilizaji aliyezoea sauti ya jirani kwa miaka ni vigumu kumshawishi kwamba jirani huyo ni mdudu.

Hata hivyo, igizo lina kasoro katika msingi wake. Nyumba moja kabila moja: mpango huo unakubali mpaka uleule unaopigwa vita. Je, Mtwa yuko wapi? Na nyumba za Buyenzi, ambamo baba na mama ni wa asili tofauti na watoto huongea Kiswahili?

Swali hilo ni letu, walimu na wanafunzi. Igizo la Kiswahili lenye nyumba kama hiyo linaweza kuanza darasani. Wahenga walisema ulimi unauma kuliko meno. Kazi yetu ni kuufundisha mapema.