Uniti ya 76: jinsi ya kuchagua balbu za LED kwa nyumba ya Singida

Mteja mdogo wa TANESCO huumizwa na uniti ya 76. Kwa bei zilizopangwa na EWURA kuanzia Aprili 2016, ambazo ndizo msingi wa hesabu za makala haya, mteja wa nyumbani aliye kundi la D1 analipa shilingi 100 kwa kila uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Kinachozidi hapo ni shilingi 350 kwa uniti. Anayezidisha mwezi baada ya mwezi huhamishiwa kundi la T1, ambako uniti zote, tangu ya kwanza, ni shilingi 292. Ongeza VAT ya asilimia 18, tozo ya REA ya asilimia 3 na ya EWURA ya asilimia 1, na uniti ya D1 inafika shilingi 122, ya T1 shilingi 356. Tofauti ni karibu mara tatu kwa umeme uleule, kwenye waya uleule.

Kwa hiyo tunapouliza balbu gani inunuliwe, tunauliza pia nyumba itaangukia upande upi wa uniti hizo 75. Hoja yangu ni kwamba balbu ichaguliwe kwanza kwa saa itakazowaka na kwa hali ya umeme wa mtaa wako. Bei ya dukani ije baadaye.

Hesabu ya nyumba moja

Chukua nyumba ya vyumba vitatu vya kulala pale Mandewa au Misuna, yenye sebule, jiko, choo cha ndani na taa ya nje mlangoni. Tuseme bado inatumia balbu za nyuzi, zile za mwanga wa njano zinazounguza mkono. Sebuleni kuna balbu ya wati 60 inayowaka kwa muda wa saa 5 kila siku: wati-saa 300. Jikoni, wati 60 kwa saa 3: 180. Vyumba vitatu, wati 60 kila kimoja kwa saa 2: 360. Chooni, wati 40 kwa jumla ya saa moja: 40. Taa ya nje ya wati 60 huwashwa magharibi na kuzimwa alfajiri, muda wa saa 12: 720. Jumla ni wati-saa 1,600 kwa siku, na kwa kuwa uniti moja ni wati-saa 1,000, hizo ni uniti 48 kwa mwezi wa siku 30.

Itazame hiyo taa ya nje. Peke yake inakula asilimia 45 ya umeme wote wa taa, na hakuna anayesoma wala kupika chini yake. Wengi wakiamua kubadilisha balbu huanza na sebule kwa sababu ndiko wanakokaa wageni. Hesabu inasema anza nje.

Sasa weka LED: wati 12 sebuleni, 9 jikoni, 7 katika kila chumba, 5 chooni na 5 nje. Kwa saa zilezile, matumizi yanashuka mpaka wati-saa 194 kwa siku, chini ya uniti 6 kwa mwezi. Zimeokolewa uniti 42. Kama nyumba hiyo, pamoja na friji, televisheni na pasi, ilikuwa inatumia uniti 100 ikiwa T1, ilikuwa inalipa takriban shilingi 35,600 kwa mwezi. Sasa inatumia 58. Ikibaki T1 italipa kama shilingi 20,650. Ikirudishwa D1 italipa kama 7,100, mbali na kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU. Usitegemee kwamba utarudishwa D1 kwa sababu tu umebadilisha balbu. Ukishakaa chini ya uniti 75 kwa miezi kadhaa mfululizo, nenda ofisi ya TANESCO uombe matumizi yako yapitiwe upya.

Mwenye enaji seva ana hesabu nyingine. Enaji seva ya wati 14 ikipisha LED ya wati 9, na taa ikiwaka saa 5 kwa siku, kinachookolewa ni robo tatu ya uniti kwa mwezi. Hakuna sababu ya kuing'oa ikiwa nzima. Iache imalize maisha yake, kisha usinunue nyingine, kwa kuwa ndani yake mna zebaki. Mwaka 2022 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana kwamba utengenezaji na biashara ya kimataifa ya enaji seva za kawaida, zisizozidi wati 30, ukome ifikapo mwaka 2025, na pendekezo hilo lilitoka kwa nchi za Afrika. Ikikuvunjikia ndani, fungua madirisha, watoe watoto chumbani, na kusanya vipande kwa karatasi ngumu. Ufagio huitawanya zebaki.

Kusoma boksi

Wati hueleza umeme unaoliwa. Mwanga hupimwa kwa lumeni, na hiyo ndiyo namba ya kuitafuta kwanza kwenye boksi. Balbu ya nyuzi ya wati 60 hutoa lumeni 700 hadi 800. LED nzuri ya wati 9 hutoa kiasi hichohicho. LED nyingi za madukani hutoa kati ya lumeni 80 na 110 kwa kila wati moja, kwa hiyo gawanya lumeni kwa wati kabla hujatoa pesa. Boksi la wati 9 linalodai lumeni 2,000 kwa bei ya kawaida linastahili kurudishwa kwenye rafu, na lile lisilotaja lumeni kabisa vilevile.

Namba ya pili ni kelvini, yaani rangi ya mwanga. Ndani ya LED nyeupe kuna kipande kidogo kinachotoa mwanga wa bluu, uvumbuzi uliowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Juu ya kipande hicho hupakwa unga wa fosfa unaogeuza sehemu ya bluu kuwa njano. Bluu ikigeuzwa kwa wingi, mwanga huwa wa njano laini, kelvini 2,700 hadi 3,000. Ikigeuzwa kidogo, huwa mweupe mkali wa kelvini 6,500. Mweupe unafaa jikoni na mezani pa kusomea. Nje ya mlango weka wa njano, maana mwanga wenye bluu kidogo huvutia wadudu wachache zaidi, na msimu wa mvua wa Singida, kumbikumbi wakianza kuruka, utaiona faida yake usiku wa kwanza.

Kagua pia kitako. Kuna holda za pini mbili, B22, na za skrubu, E27, na nyumba nyingi zina mchanganyiko wa zote mbili. Kwa ndugu zetu wa vijijini Mkalama na Ikungi wanaotumia sola, soma volti kwa makini: balbu ya volti 12 inaweza kuwa na kitako kilekile cha balbu ya volti 230, na ukiifunga kwenye umeme wa TANESCO itaungua papo hapo.

Kilichomo ndani

Mwombe fundi akufungulie balbu mbili zilizokufa, moja ya bei ya chini kabisa na moja ya bei ya kati. Kifuniko cha plastiki kikitoka utaona sahani yenye vidoti vya njano vilivyopangwa mduara. Katika balbu nyingi zilizokufa, kimoja kati ya vidoti hivyo kina alama nyeusi katikati. Hicho ndicho kilichoungua. Vidoti vimeunganishwa kwa mfuatano, kwa hiyo kimoja kikikata njia, vyote vinazimika. Balbu imekufa kwa kidoti kimoja, na vingine vyote bado ni vizima.

Tofauti ya bei iko chini ya sahani. Katika balbu ya bei ya chini mara nyingi utakuta kapasita mbili, rezista na daraja la dayodi, basi. Saketi hiyo haina kitu cha kusimamia mkondo: volti zikishuka taa inafifia, zikipanda mkondo unapanda nao, vidoti vinapata joto na maisha yao yanafupika. Katika balbu nzuri utakuta pia koili na chipu inayoshikilia mkondo uleule volti zinapoyumba, na sahani imekaa juu ya alumini ya kutosha kuondoa joto.

Hapa ndipo mahali tunapoishi panapoamua. Singida iko kwenye uti wa mgongo wa gridi ya taifa. Njia ya kilovolti 400 inatoka Iringa, inapita Dodoma na Singida kwenda Shinyanga, na kutoka Singida njia nyingine inapanda Babati, Arusha na Namanga kuingia Kenya. Lakini balbu ya nyumbani haiioni gridi hiyo. Inaiona transfoma ya mwisho ya mtaa, urefu wa waya kutoka hapo mpaka kwako, na majirani mnaogawana nao. Mkoa huu ni wa alizeti, na mashine za kukamua mafuta na za kusaga nafaka ziko mitaani, mara nyingi kwenye transfoma moja na nyumba za watu. Mota kubwa inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara kadhaa zaidi ya inaotumia ikishazoea kazi, na kwa nukta chache volti za mtaa mzima hushuka. Umeme ukikatika na kurudi, volti zinaweza kuruka juu.

Kwa nyumba ya mtaa wa namna hiyo, au iliyo mwisho wa laini, tafuta balbu iliyoandikwa 85–265V au 100–240V, si ile ya 220–240V pekee. Maandishi yanaweza kudanganya, kwa hiyo yapime na dalili nyingine: nembo ya TBS, uzito mkononi, na waranti iliyoandikwa tarehe. Muuzaji akiiwasha kaunta, elekeza kamera ya simu kwenye balbu kwa karibu. Mistari mizito ya giza ikipita kwenye kioo cha simu, mwanga unapepesa mara 100 kwa sekunde na saketi ya ndani ni dhaifu.

Maisha ya saa 25,000 yanayoandikwa kwenye boksi ni zaidi ya miaka 13 kwa taa ya saa 5 kwa siku. Kwa kawaida namba hiyo huhesabiwa kwa vidoti mpaka mwanga wao ushuke kufikia asilimia 70 ya ulivyokuwa mwanzo. Saketi mara nyingi hufa mapema zaidi, na kinachoiua ni joto. Usiifungie LED ya wati 12 ndani ya tufe la kioo lisilopitisha hewa ukategemea itadumu.

Mwanga ufike panapofanyika kazi

Balbu ya lumeni 800 ikiwa darini, mita 1.8 juu ya meza, hutoa kama luksi 40 juu ya daftari (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu). Kusoma kwa starehe kunahitaji kama 300. Ishushe balbu hiyohiyo ibaki sentimita 60 juu ya meza na utapata kama luksi 350, kwa sababu umbali ukipungua mara tatu mwanga huongezeka mara tisa. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayejiandaa na mtihani hahitaji balbu ya wati 20 darini. Anahitaji taa ya mezani ya wati 7. Kuta nazo zina mchango: ukuta wa udongo, kama wa tembe, humeza mwanga, na ukipakwa chokaa nyeupe huurudisha chumbani. Ndoo ya chokaa inaweza kukupunguzia balbu moja.

Kuna mahali pamoja ambapo LED haifai kabisa, nako ni kwenye banda la vifaranga. Wafugaji wa kuku hutumia balbu za nyuzi kwa ajili ya joto, na ule upotevu wa umeme unaoifanya balbu hiyo iwe mbaya sebuleni ndio unaohitajika bandani. Ukiweka LED ya wati 9 mahali pa balbu ya wati 100, vifaranga watapata mwanga na kufa kwa baridi usiku wa Juni. Acha balbu ya nyuzi pale, izungushie mbao au maboksi ili joto lisipotee, na iondoe vifaranga wakishaota manyoya.

Pima kwa mita yako

Mita nyingi za LUKU zina taa ndogo inayometa, na pembeni pameandikwa idadi ya mimeto kwa uniti, kwa mfano 1000 imp/kWh. Kwa mita ya namna hiyo, zima kila kitu ndani, chomoa friji, washa taa zote, kisha hesabu sekunde kati ya mmeto mmoja na unaofuata. Gawanya 3,600 kwa sekunde hizo na utapata wati zinazotumika. Sekunde 60 ni wati 60. Jumla ya wati za maboksi ikiwa 47 na mita ikionyesha 47 au karibu na hapo, umeuziwa balbu za kweli. Mita ikionyesha 25, umenunua wati za karatasi, na lumeni nazo huenda ni za karatasi vilevile.

Leo jioni, kabla hujakwenda dukani, pita nyumba nzima na kalamu. Andika kila taa, wati zake na muda inaowaka. Anza kubadilisha ile inayowaka muda mrefu zaidi, nunua balbu moja nzuri kwa wakati badala ya sita dhaifu kwa mkupuo, na tunza risiti pamoja na boksi mpaka waranti iishe.