Shwari Kabla ya Hofu: Uhakiki wa Usomaji wa Kifumbo wa Marko 4:35–41

Sehemu hii inahakiki usomaji wa kifumbo wa simulizi ya Yesu kutuliza dhoruba, yaani usomaji unaopita tukio la nje na kutafuta linachosema juu ya nafsi ya msomaji. Kielelezo chake cha kale ni mahubiri ya Augustino, askofu wa Hippo, Afrika Kaskazini, aliyefariki mwaka 430. Kwake, chombo ni moyo, upepo ni tusi, mawimbi ni hasira, na Kristo aliyelala ni imani iliyosahauliwa. Kumkumbuka ndiko kumwamsha. Naye akiamka, moyo hutulia.

Nguvu ya usomaji huu haina budi kukubaliwa. Kwa mtazamo wa Nadharia ya Upokezi, msomaji huikabili matini akiwa na upeo wake wa matarajio. Msomaji wa Igamba, wilayani Mbozi, huishi mbali na bahari. Dhoruba aijuayo ni ile inayolaza mahindi shambani. Fumbo la moyo humwingiza chomboni. Aidha, linaafikiana na mapokeo ya Wamoraviani, waliofika nyanda za kusini magharibi mwaka 1891, ambayo hutilia mkazo dini ya moyo.

Hata hivyo, matini inausahihisha usomaji huo kwa namna tatu. Kwanza, waliomo chomboni ni wengi, na aya ya 36 inataja vyombo vingine pia. Dhoruba hiyo si ya nafsi moja. Pili, katika Mathayo 8:26 wanafunzi wanaulizwa kwanza juu ya imani yao, ndipo upepo unakemewa. Katika Marko upepo unakemewa kwanza. Utulivu wa moyo, basi, si sharti la kuokolewa. Tatu, tafsiri ya Union ya mwaka 1952 inatumia kivumishi -kuu kwa dhoruba, kwa shwari na kwa hofu, kama ilivyo katika Kiyunani. Simulizi haiishii katika shwari, bali katika hofu ya watu wanaojiuliza wako na nani.

Suala hili si la nadharia tupu. Msibani, mfiwa huambiwa atulie, na pengine kilio chake huhesabiwa kuwa upungufu wa imani. Usomaji wa kifumbo usiohakikiwa huitia nguvu lawama hiyo. Ilhali kilio cha wanafunzi katika aya ya 38 kinamlaumu Mwalimu mwenyewe, na bado kinajibiwa.

Kwa hiyo, mtafiti hapendekezi usomaji huu uachwe, bali urekebishwe kutoka ndani. Augustino mwenyewe ameacha mwanya: anayemwamsha aliyelala hajatulia bado. Utulivu wa ndani unaotokana na matini hii huanzia katika malalamiko na kuendelea hadi kicho. Shwari ni kituo cha njiani; mwisho wa safari uko mbele yake.