Sangara, Furu na Aya ya Mwisho

Chukua mada inayowafaa sana wanafunzi wa insha za sababu na matokeo: sangara katika Ziwa Victoria. Mwandishi wetu ameanza vizuri. Samaki huyo alipandikizwa miaka ya 1950 na 1960, akafurika miaka ya 1980, akawala furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, hata spishi nyingi zikatoweka. Viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza. Miti nayo ikakatwa, kwani furu huanikwa juani, ilhali sangara kwa mafuta yake hutaka moto wa kuni ili akauke. Kisha anafunga: “Kwa kuhitimisha, tumeona sangara ana faida na hasara, hivyo serikali na wananchi washirikiane.” Insha nzima inazimika hapo.

Wengi watalaumu marudio. Mimi naona kasoro kubwa zaidi: mwandishi amekataa kuhukumu. Msomaji ameshaona msururu wa mambo. Anachosubiri ni kuambiwa kipi kilibeba uzito na kwa njia gani. Hitimisho lenye nguvu lingeshika tokeo la mbali kabisa na kulirudisha kwenye chanzo: “Waliomleta sangara walitafuta kitoweo, mafuta ya samaki huyo yakaifikisha athari yake hadi msituni.” Sentensi moja, na mnyororo wote umeonekana bila kuhesabiwa upya.

Uzito wa sangara lakini una mipaka. Mbolea na maji machafu kutoka nchi kavu vilistawisha mwani, ziwa likapoteza uangavu. Jike la furu humchagua dume kwa rangi. Asipoziona vyema, spishi huchanganyika. Kwa hiyo kuandika kwamba sangara peke yake aliwamaliza furu ni kudai kupita ushahidi. Aandike kwamba aliwamaliza wengi, katika ziwa ambalo tayari lilikuwa linaharibika.

Kuna kipimo kingine, na hiki ndicho ninachokipenda: sababu ikipungua, tokeo nalo hulegea? Sangara walipovuliwa mno miaka ya 1990, baadhi ya furu walianza kurudi. Ushahidi huo ukae katikati ya insha, si mwishoni. Aya ya mwisho iuegemee tu.

Na ushauri kwa serikali? Si lazima. Ukiwapo, utokane na sababu iliyokwisha kutajwa. Anayependekeza sangara aongezeke kwa ajili ya viwanda, na papo hapo furu warejee kama zamani, hajaisoma insha yake mwenyewe.